Barua ya wazi kwa wakubwa wetu: LibreOffice mmetuletea, wa kutupokea hamkumleta

KWA:
Mkurugenzi wa shule zetu,
Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,
na vijana wote wa IT mlio chini yake.

YAH: KUHAMISHWA KUTOKA MICROSOFT OFFICE KWENDA LIBREOFFICE BILA KUANDALIWA

Shikamoo Mkurugenzi, na wengine wote salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mkurugenzi, barua zako nyingi za miaka hii 12 nimezichapa mimi, kwa hiyo mkono wangu unaujua hata nisipoweka jina. Jina la taasisi pia siliweki, kwa makusudi, maana sitaki kuichafua, nataka kujibiwa tu. Barua ya kwanza kuhusu jambo hili niliileta ofisini kwako mwezi wa pili, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, kimya. Ya pili niliwaandikia Kitengo cha TEHAMA mwezi wa tatu, hiyo nilijibiwa, WhatsApp, mstari mmoja, "someni dokumentesheni mama kila kitu kipo". Ya tatu sikuandika, nilinyoosha mkono kwenye kikao cha wafanyakazi nikaambiwa watu wazima huwa hatupendi mabadiliko, watu wakacheka na mimi nikacheka, ungefanyaje. Sasa naandika hapa kila mtu asome, na najua kuna makarani na walimu na wahazili wa sehemu zingine watasoma waseme loh, hata kwetu.

Kwanza tuelewane, mimi sipingi kuhama. Nasema mapema kwa sababu kuna mtu atasoma mistari miwili aseme huyu mama anataka Word yake arudishiwe. Office tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kukraki, wote tunajua, alikuja kijana kutoka mjini na flashi yake, elfu kumi kwa kila mashine, na ile flashi ndiyo iliyotuachia kirusi cha shotikati kilichotusumbua na faili za ada mwaka mzima. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10, na mashine zetu nyingi ni wazee wenzangu, Windows 11 haziiwezi. Kununua leseni kwa shule tano, hiyo hela ni paa la bweni zima. Kwa hiyo Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na LibreOffice, programu za bure za ofisi badala ya Microsoft Office, ni uamuzi mzuri na nauunga mkono, tena ningekuwa na sauti ningeamua hivyo zamani.

Na hii kitu si ngeni kwetu kama mnavyoiongelea. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice yenyewe ilichipuka kutoka kwenye OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Yaani kuna watu walikaa hapahapa nchini wakaumiza kichwa kila kitufe kipate neno la Kiswahili ili mtu kama mimi asikwame. Miaka zaidi ya 20 imepita na mimi nimekwama, na aliyenikwamisha si programu.

Naorodhesha kwa namba, najua ripoti zenu mnapenda namba.

1. Mlitubadilishia tukiwa likizo.

Tulifunga shule Desemba tuna Word, tukafungua Januari tunakuta kompyuta imeoshwa, sura nyingine, aikoni nyingine, faili zetu zipo ndani ya folda inaitwa "backup_old" kama vitu vya marehemu. Hakuna aliyetuambia kabla. Na Jumatatu hiyohiyo mkuu wa shule anataka barua za kujiunga kidato cha kwanza, watoto 186, kila barua na jina la mtoto, jina la mzazi, bweni na ada anayodaiwa.

Hiyo kazi kwenye Word naifanya huku naongea na simu. Orodha ipo Excel, unaenda Mailings, unaichagua orodha, unapachika majina mahali pake, unaprinti, chai haijapoa. Naingia Writer, ndiyo Word ya LibreOffice, Mailings hakuna. Nikafungua menyu moja moja kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye pochi. Hakuna. Napiga simu kitengoni naambiwa tuma tiketi, nikatuma tiketi, nikakaa nikachapa majina 186 kwa mkono siku mbili na nusu, na kwa uchovu mtoto mmoja wa kiume nikampangia bweni la wasichana, baba yake akaja getini na barua mkononi, na aliyesimama pale kuomba radhi ni mimi, tiketi haikusimama.

Mwezi wa tatu akaja binti wa fildi, chuo mwaka wa pili, nikamsimulia. Akaniambia mama mbona ipo. Kwanza unaitambulisha ile orodha mara moja tu, File, halafu Wizards, halafu Address Data Source, unaionyesha faili yako ilipo. Ukishamaliza hapo unabonyeza Ctrl+Shift+F4, orodha yako inafunguka juu ya barua, unakishika kichwa cha safu kwa mausi unakivuta unakidondosha unapotaka jina likae. Unaprinti kawaida, inakuuliza kama unataka kuprinti barua ya fomu, unasema Yes. Basi. Dakika kumi pamoja na maelezo yake na mimi kuandika kwenye daftari.

Nilikaa kimya kidogo. Siku mbili na nusu zangu, na aibu ya getini, zilikuwa zinasubiri mtu mmoja aseme hizo sentensi nne.

2. Dokumentesheni mnayotutuma tukasome imeandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua anachokitafuta kinaitwaje.

Hapa naomba mnisikilize vizuri vijana wangu maana ndipo penyewe. Mnasema kila kitu kipo na mimi nakubali kipo, nimeishaiona ile miongozo, ya Writer, ya Calc ambayo ndiyo Excel ya huku, mamia ya kurasa, imeandikwa vizuri na watu wanaojitolea, Mungu awabariki. Lakini kitabu kinatafutwa kwa jina, na mimi majina niliyo nayo ni ya nyumba ya zamani. Natafuta Mailings, huko inaitwa jina lingine. Natafuta Format Painter, ile brashi ya kunakili mwonekano, kumbe ipo na ni brashi ileile kabisa ila inaitwa Clone Formatting. Kwenye Calc natafuta Print Area, kumbe ni Print Ranges na imehamia menyu ya Format. Vichwa vya jedwali virudie kila ukurasa ukiprinti, Excel naijua ni Print Titles, huku ni Format, Print Ranges, Edit, Rows to Repeat. Ni kama umehamia mtaa mpya, duka lipo, maji yapo, kinyozi yupo, ila kila ukiuliza unauliza kwa majina ya mtaa wa zamani na wenyeji wanakutazama tu.

Na kuna vitu hata jina halikusaidii kwa sababu fikra yenyewe imegeuka. Mfano huu ulinitoa machozi nikiwa naandaa taarifa ya bodi. Kwenye Word ukitaka ukurasa mmoja ulale ubebe jedwali pana na nyingine zisimame, unakata sehemu, section break, halafu unailaza ile sehemu. Nikawa natafuta section break kwenye Writer, nikaona kitu kinaitwa Section nikashukuru Mungu, nikakiweka, ukurasa haukulala. Nikalaza kwa nguvu, taarifa nzima ikalala, kurasa 22 zote ubavu. Kumbe Writer hafikirii kwa sehemu, yeye anafikiri kwa mitindo ya ukurasa, kila ukurasa una mtindo umevaa, na ukitaka kubadilisha unamvalisha mwingine. Insert, More Breaks, Manual Break, unachagua Page Break, kwenye Page Style unaweka Landscape. Jedwali likiisha unarudia hivyohivyo ila unaweka Default Page Style. Ukishaelewa hivyo unaona hata ni safi kuliko Word, kweli kabisa, namba za kurasa zinatii, vichwa vya juu vinatii. Lakini hiyo "ukishaelewa" ndiyo inayohitaji mtu wa kukwambia sentensi moja, sahau kukata, fikiria kuvalisha.

Sasa mtu aliyeanza na LibreOffice tangu utoto hawezi kuniandikia sentensi hiyo, hajui mimi natokea wapi. Anayeweza ni aliyehama kama mimi. Dokumentesheni tuliyonayo inaeleza programu, sisi tunahitaji inayoeleza safari.

Tena F1. Mnasema bonyeza F1 upate msaada. Ile help haikuinstoliwa kwenye mashine, ukibonyeza F1 inafungua brauza iende mtandaoni. Shule yetu ya Ukerewe intaneti ni simu ya mwalimu, akiwa na bando. Mwalimu anabonyeza F1 anaangalia ukurasa mweupe. Huo ndio msaada.

3. Fonti.

Barua zetu zote za zamani zilichapwa kwa Calibri, ile iliyokuwa inakuja yenyewe na Word. Calibri ni mali ya Microsoft, Linux haiji nayo, kwa hiyo Writer anatafuta fonti nyingine ya kuziba pengo, na kama ni pana kidogo barua ya ukurasa mmoja inamwagikia wa pili. Mimi sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba barua ya mkuu wa shule kwenda kwa wazazi ilitoka kurasa mbili, ukurasa wa pili una sahihi na mhuri peke yake, karatasi tupu iliyosainiwa, mhasibu akasema hii mtu akiipata anajiandikia anachotaka juu yake. Tumechana nakala zaidi ya 300.

Dawa yake ipo na ni bure. Kuna fonti inaitwa Carlito imetengenezwa upana sawasawa na Calibri, herufi kwa herufi, na nyingine inaitwa Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation Serif inakaa pahala pa Times New Roman vilevile. Zikiwepo kwenye mashine, mistari inakatika palepale ilipokuwa inakatika. Kwenye mashine ya mhasibu zipo zote, kwangu Carlito haikuwepo, kwa mwalimu wa taaluma haikuwepo, kwa nini sijui, na hiyo ni kazi ya mtu wa IT ya dakika tano. Mimi mhazili sikutakiwa kujua habari za upana wa herufi, ila sasa najua, asanteni.

4. Hatuna sheria ya kusevu.

Kila ukisevu faili la docx, yaani la Word, Writer anakuuliza, ubaki na fomati hii au utumie ODF, fomati ya LibreOffice yenyewe. Swali zuri ila hakuna aliyetuambia jibu la taasisi. Kwa hiyo mhasibu anabaki na docx, mimi nikaanza odt, ndiyo hiyo ODF kwa upande wa Writer, kwa sababu ndiyo aliyoipendekeza, mwalimu wa nidhamu anasevu zote mbili, na sasa kwenye folda ya pamoja kuna taarifa moja mara tatu na hakuna anayejua ipi ndiyo ya mwisho. Nikatuma odt kwenye ofisi moja ya juu yetu, wakaifungua na Word yao mistari imehama, wakanipigia mama umetutumia nini hiki.

5. Kazi ya mwalimu wa taaluma.

Huyu mwalimu alijenga faili la matokeo kwa miaka sita. Anaingiza alama, yenyewe inampa mwanafunzi daraja kwa kila somo, A pointi 1 mpaka F pointi 5, inachagua masomo saba aliyofanya vizuri, inajumlisha, inatoa divisheni, 7 mpaka 17 ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, inaendelea hivyo, halafu kuna kitufe ukibonyeza inatoa ripoti ya kila mtoto tayari kuprinti. Fomula zote zilivuka salama kwenda Calc, hata ile ya SMALL inayookota saba bora, hapo naisifu programu. Kitufe ndicho kilichokufa. Kitufe kilikuwa ni makro ya Excel, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya faili ili kazi ijifanye yenyewe, na makro za Excel ndani ya Calc zingine zinakubali zingine hazikubali, hilo linajulikana kwa yeyote aliyewahi kuhamisha ofisi. Kwa hiyo mtu wa kuhamisha ofisi alitakiwa apite kabla aulize, nani ana faili lenye makro, linafanya nini, tulijengeje upya. Hakupita mtu.

Mwalimu alichofanya mnakijua na mnajifanya hamkijui. Ameleta laptopu yake ya nyumbani, ina Office ya kukraki, matokeo ya wanafunzi wote yapo humo. Na hayuko peke yake, kwenye shule yetu tu nimehesabu walimu wanane. Mmeondoa programu ya wizi kwenye kompyuta za ofisi, imerudi kupitia mabegi.

6. Kauli.

Hili nitalisema fupi. "Mama bado anatafuta Start." "Ni rahisi tu." "Gugo." Mtu aliyesoma uhazili, anayechapa bila kutazama kibodi, ambaye watu wote walikuwa wanamkimbilia wakikwama, leo anaogopa kuuliza mbele za watu. Mlichukua kompyuta mkadhani ni hiyo tu mliyochukua.

Sasa najua mtakachojibu, ngoja niwapunguzie kazi.

Mtasema programu ni ya bure, waliotengeneza hawana deni na sisi. Kweli hawana. Ila mimi siwaandikii wao, nawaandikia nyie mlioamua, na bure ni bei ya programu, kumfundisha mtu haijawahi kuwa bure. Ile hela ya leseni mliyookoa hata kidogo chake kingetosha.

Mtasema ni sawasawa tu na Word. Ingekuwa sawasawa nisingelaza kurasa 22. Kumwambia mgeni kitu ni kilekile ndiyo kunamfanya ajione mjinga kikimshinda, afadhali umwambie hapa ni tofauti na hapa na hapa, kwingine kote tulia.

Mtasema mtazoea. Wengine wataizoea, wengine ndiyo hao wa laptopu begini. Jiji la Munich kule Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, mpaka 2013 walikuwa wameshahamisha kompyuta kama 15,000, halafu mwaka 2017 baraza lao likapiga kura kurudi Windows. Watu wanabishana mpaka leo kama ilikuwa siasa au programu, lakini manung'uniko ya watumiaji yalikuwepo na yalitumika kama fimbo. Upande mwingine jimbo la Kerala kule India, shule zao za serikali zinafundishia kwa programu huria miaka mingi sasa, na pale walianza na walimu, wakawafundisha, na vitabu vya somo la kompyuta vya watoto vikaandikwa kwa programu hizohizo. Sisemi sisi ni Kerala, sisi ni shule tano na jenereta mbili. Nasema hakuna aliyefanikiwa kwa kubadilisha wakati watu wako likizo.

Mtasema YouTube ipo. Bando mnanipa?

Ninachoomba ni hiki, na nimekipima, hakuna kisichowezekana kabla ya mitihani ya muhula mwezi wa sita.

Kwanza kabisa, leo leo, mtufungulie vichupo. Kumbe LibreOffice ina sura inayofanana na ile ribon ya Word, View, User Interface, unachagua Tabbed, unabonyeza Apply to All. Binti wa fildi alinifungulia nikahisi kama nimerudishiwa miwani yangu. Wanaopenda menyu za zamani wabaki nazo, ila mtu aonyeshwe kwamba kuna kuchagua.

Pili, Carlito, Caladea na Liberation kwenye kila mashine, shule zote tano, pamoja na help ya ndani ya mashine ili F1 ifanye kazi bila intaneti, na ile miongozo ya PDF inakiliwe kwenye kila kompyuta, mbona haina uzito.

Tatu, waraka wa mistari mitatu kuhusu kusevu, uwe na sahihi ya Mkurugenzi. Mimi napendekeza kazi za ndani tusevu ODF, kinachotoka nje kitoke PDF, na anayetaka kuhariri apewe docx, lakini mkiamua vingine sawa, muhimu iwe moja.

Nne, karatasi ya "ulizoea, sasa". Kushoto jina la Word au Excel, kulia linapopatikana sasa, Kiswahili, kurasa mbili, ilaminetiwe ibandikwe pembeni ya kila kompyuta. Nimeshaanza kuiandika, ina vitu 41, nimeiambatanisha, nyie kazi yenu ni kuihakiki na kuongeza. Na hapa vijana wa IT mnaopenda kuniambia habari za opensosi niwakumbushe na mimi: miongozo ya LibreOffice inatolewa kwa leseni ya Creative Commons, yaani tunaruhusiwa kuinakili, kuitafsiri, kuikata vipande na kuprinti ilimradi tuwataje walioiandika. Kitabu cha programu ya kununua huwezi kukigusa hivyo. Tumepewa ruhusa ya kurekebisha kile kinachotusumbua halafu mnatuambia tukisome kilivyo. Si ndiyo faida yenyewe mliyokuwa mnaihubiri kwenye kikao?

Tano, mtu mmoja kila shule wa kuulizwa, awe amehama si aliyezaliwa huko, apunguziwe kazi nyingine masaa manne kwa wiki, na awe na daftari. Swali likiulizwa mara mbili linaingia kwenye karatasi. Likiulizwa na watu wanne, kosa si la wanaouliza, twendeni tukalichunguze.

Sita, faili la mwalimu wa taaluma. Mkae naye siku mbili mjenge upya ile ripoti bila makro, fomula na orodha ya kuvuta majina zinatosha, nimeongea naye anasema inawezekana akipata mtu wa kumshika mkono. Na mpaka hapo inunuliwe leseni moja halali ya Office, moja tu, kwenye mashine ya ofisi, matokeo ya watoto yatoke kwenye begi la mtu.

La saba lilikuwa la kuomba radhi kwa ile kauli ya kikao, nimelifuta. Nikionyeshwa kazi inatosha.

Naomba majibu kwa maandishi kabla ya tarehe 15 mwezi wa tano. Nikijibiwa nitayaweka hapahapa yote kama yalivyo, hata yakiwa yananikosoa, na nikisaidiwa nitasema nimesaidiwa na nitawataja kwa wema. Nisipojibiwa ile karatasi ya "ulizoea, sasa" naiweka hapa bila kusubiri uhakiki, wenye shule zao wachukue, maana jumbe za makarani nilizopata tangu nilipowagusia wachache kwamba naandika hii barua zinanionyesha hili tatizo si la shule tano.

Barua hii nimeichapa kwenye LibreOffice Writer. Kiambatanisho kina jedwali pana, ukurasa wake umelala, nyingine zote zimesimama, na sahihi imekaa chini ya maneno yake.

Ni mimi mtiifu wenu,

Katibu Muhtasi,
shule ya kwanza kati ya tano.

Nakala:
Wakuu wa shule wote watano
Mwalimu wa Taaluma
Binti wa fildi, popote ulipo, ile orodha bado inafunguka